Mkataba wa Umeme ni Deni Langu, Nataka Kuusoma



Nimezaliwa mwaka 2002. Januari ya mwaka huo huo mitambo ya IPTL pale Tegeta ilianza kuiuzia TANESCO umeme. Mkataba wenyewe ulisainiwa Mei 1995, miaka saba kabla sijazaliwa, na ulikuwa wa miaka 20. Yaani kuna watu walikaa mezani wakakubaliana kwamba mimi nitalipa, na mama hata hajanibeba. Hawakuniuliza, sawa, sikuwepo. Lakini hata wazazi wetu waliokuwepo hawakuulizwa, na mkataba hawakuonyeshwa.

Naandika leo kwa sababu wimbi jingine la mikataba linakuja. Januari 2025 wakuu wa nchi za Afrika walikutana Dar es Salaam kwenye mkutano wa nishati wa Mission 300, mpango wa Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika wa kuwafikishia umeme Waafrika milioni 300 ifikapo 2030. Tanzania ilikuwa kati ya nchi 12 zilizoweka mipango yao mezani pale, na wimbo ulikuwa mmoja: fedha za serikali hazitoshi, sekta binafsi lazima iingie. Jua, upepo, jotoardhi, njia za kusafirisha umeme, kote huko mwekezaji anakaribishwa.

Na mimi namkaribisha. Nasema hivi mapema ili mtu asije kunibandika jina la mpinga maendeleo. Kijiji kisicho na umeme hakinufaiki na hasira zetu. Hoja yangu ni nyembamba: mkataba wowote wa kununua umeme ambao sisi ndio tutaulipa uwekwe wazi kabla haujasainiwa. Na wakati wa kulidai hilo ni sasa, tukiwa hatuna mgawo.

Unaponunua LUKU unalipia nini

Wengi wetu tunajua bei tu. Aliye daraja la D1 analipa shilingi 100 kwa uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi. Aliye T1 analipa 292, kabla ya kodi na tozo. Tunalalamika, tunaingiza namba, maisha yanaendelea. Lakini nyuma ya ile namba kuna msururu mrefu wa ahadi, na ni vizuri kijana wa chama chetu aujue.

Mwekezaji wa umeme kwa kawaida hajengi kwa fedha zake zote. Sehemu kubwa ni mkopo. Sasa benki inayomkopesha haiko Dodoma kuliona jua wala Singida kuusikia upepo. Inachosoma ni mkataba. Inauliza: nani atanunua huu umeme? Kwa bei gani? Kwa miaka mingapi? Kwa shilingi au kwa dola? Na mnunuzi akishindwa kulipa, nani atalipa badala yake? Majibu yakiwaridhisha, fedha zinatoka.

Kwa hiyo kinachowekwa rehani pale ni ahadi ya TANESCO kununua kwa miaka 20 au 25. Na pale serikali inaposimama nyuma ya TANESCO kwa dhamana, anayesimama ni mimi na wewe. Sisi ndio shamba lililowekwa rehani, na shamba halijaambiwa.

Ndani ya mikataba mingi ya aina hii, hasa ya mitambo ya mafuta na gesi, kuna malipo ya namna mbili. Ya kwanza ni ya umeme ulioupokea. Ya pili ni malipo ya uwezo wa mitambo, unayalipa mitambo iwake isiwake. Ni kama umekodi Noah kwa ajili ya harusi. Umelipia siku nzima. Kama bibi harusi amechelewa saluni na gari limeshinda limepaki kivulini, shauri yako, dereva anataka hela yake yote. Kwa gari la siku moja hiyo ni haki. Lakini Noah ya miaka 20, kwa dola, ukiwa huna hakika kama harusi ipo?

Simaanishi malipo hayo ni wizi. Mtu aliyekopa mabilioni akajenga mitambo kwa ajili yako ana haki ya kulindwa usije ukamkimbia. Swali ni kiasi gani, kwa muda gani, na nani alipima kama tulihitaji. Hayo huwezi kuyajua kwa kuangalia risiti ya LUKU. Lazima usome mkataba.

Kuna na suala la sarafu. Mkopo ni wa dola, mitambo imenunuliwa kwa dola, kwa hiyo bei ya mkataba nayo mara nyingi ni ya dola. Mama lishe ananunua uniti kwa shilingi. Shilingi ikianguka, pengo lazima lizibwe na mtu: ama LUKU ipande, ama TANESCO ilimbikize madeni, ama hazina ichukue fedha zilizopangiwa dawa na madawati. Ni kifungu kimoja tu ndani ya mkataba, na kinaweza kuamua bajeti ya hospitali ya wilaya.

Mikataba mibaya husainiwa gizani

Angalieni historia yetu wenyewe, mtaona jambo moja linajirudia.

IPTL ilikuja baada ya ukame wa miaka ya mwanzo ya tisini. Mabwawa yalikauka, mgawo ukaingia, nchi ikawa na haraka. Mwekezaji kutoka Malaysia na mshirika wake wa hapa nyumbani wakaja na mitambo ya megawati 100. Kabla haijawaka, ugomvi wa gharama ukafika kwenye kituo cha usuluhishi cha ICSID mwaka 1998, na uamuzi wa 2001 ukazipunguza gharama zilizokuwa zinadaiwa. Ushindi ule haukumaliza mambo. Baadaye TANESCO na IPTL wakagombana tena juu ya malipo ya uwezo, na mwaka 2006 fedha zenye mgogoro zikaanza kuwekwa kwenye akaunti maalumu Benki Kuu. Ndiyo ile akaunti ya Tegeta Escrow.

Mwisho wa 2013 fedha zile zikatoka. Mwaka 2014 CAG alikagua, Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali chini ya Zitto Kabwe ikaleta ripoti, na nchi ikasikia kiasi cha zaidi ya shilingi bilioni 300. Mwanasheria Mkuu Frederick Werema akajiuzulu, Waziri Anna Tibaijuka akaondolewa, Waziri wa Nishati Sospeter Muhongo akajiuzulu Januari 2015. Wengi tunakumbuka hapo tu, vichwa vya habari. Sehemu iliyoniuma niliposoma ni iliyofuata: Septemba 2016 ICSID iliiamuru TANESCO iilipe benki ya Standard Chartered ya Hong Kong, iliyokuwa imenunua deni la IPTL, zaidi ya dola milioni 148. Akaunti ilishafunguliwa, fedha zikaenda kwa mwingine, na mdai mwingine akashinda kesi.

Sasa njoo 2006. Ukame tena, mgawo tena, haraka tena. Safari hii mkataba wa dharura wa megawati 100 ukaenda kwa Richmond, kampuni ambayo haikuweza kuleta mitambo kwa wakati. Mkataba ukahamia Dowans. Kamati teule ya Bunge iliyoongozwa na Harrison Mwakyembe ikachunguza, na Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu pamoja na mawaziri wawili. TANESCO ilipouvunja mkataba, Dowans wakaenda kwenye usuluhishi wa kimataifa, na Novemba 2010 wakapewa tuzo ya takriban shilingi bilioni 94. Mitambo ikauzwa kwa Symbion, ugomvi mwingine ukazaliwa, na mwaka 2021 tukasuluhishana nao kwa zaidi ya dola milioni 150.

Hapa niseme jambo ambalo baadhi yenu hamtalipenda. Mwaka 2015 upinzani ulimsimamisha Lowassa kuwania urais. Marehemu alikana siku zote kwamba alinufaika na Richmond, na kamati ilizungumzia dhamana ya kisiasa. Lakini tulipomchukua tulipoteza kitu: tulinyamaza juu ya Richmond kwa miezi mizima ya kampeni. Wananchi waliona. Ndiyo maana nasema hoja ya mikataba isiwe fimbo ya kumchapia mtu fulani, maana watu huhama vyama. Iwe kanuni. Ikiwa kanuni, itatubana na sisi siku tukishika dola, na hapo ndipo mtu wa kawaida ataanza kutuamini.

Turudi kwenye mfano wenyewe. Ukame unaleta giza, giza linaleta hofu, hofu inaleta neno "dharura", na neno "dharura" linafunga milango: zabuni inarukwa, Bunge linaambiwa baadaye, mwananchi anaambiwa na gazeti. Mtu mwenye kiu hajadili bei ya maji. Wauzaji wanalijua hilo vizuri kuliko sisi.

Sasa hivi kiu imepungua. Bwawa la Julius Nyerere pale Rufiji, mitambo tisa ya megawati 235, jumla 2,115, limekamilika. Lilijengwa kwa fedha za serikali, kwa mkataba wa 2018 wa zaidi ya shilingi trilioni 6.5 na kampuni za Misri. Tunaweza kulumbana kuhusu mazingira ya Selous na kuhusu zile fedha, na tulumbane. Lakini kwa mazungumzo ya leo limetupa kitu kimoja cha thamani: muda. Umeme bado unakatika mitaani kwa sababu ya njia chakavu na transfoma zilizozidiwa, ila nchi haiko kwenye mgawo. Hakuna sababu ya kumkimbilia mwekezaji yeyote na kalamu mkononi. Na kwa kuwa tumeweka mayai mengi kwenye maji ya mto mmoja, ukame mwingine utakuja. Tujipange kabla, tukiwa na akili zetu timamu.

Majirani wametufundisha bure

Kenya walianza kuwaingiza wazalishaji binafsi mapema, na wamejifunza kwa gharama. Mwaka 2021 Rais Uhuru Kenyatta aliunda jopo la kuchunguza mikataba ya kununua umeme. Likagundua kwamba wazalishaji binafsi walikuwa wanaleta asilimia 25 ya umeme lakini wanachukua asilimia 47 ya fedha za manunuzi. Tuwe waungwana: sehemu ya tofauti hiyo inaeleweka. Mabwawa ya KenGen ni ya zamani na yameshalipiwa, na baadhi ya mitambo binafsi ni ya akiba, inalipwa isubiri. Lakini mwananchi alilijua hilo baada ya miaka mingi ya kulipa, kwa sababu jopo lilifungua makabati.

Halafu kuna upepo wa Ziwa Turkana. Mitambo 365, megawati 310, Loiyangalani kule Marsabit. Mradi mzuri, umeme safi. Mwaka 2012 Benki ya Dunia ilijitoa ikihofia Kenya italazimika kulipia umeme ambao haitauhitaji. Mradi ukaendelea na wafadhili wengine. Mitambo ikamalizika, njia ya kilomita 428 ya kupeleka umeme Suswa haijamalizika. Mkandarasi Mhispania alifilisika katikati. Njia ikakamilika Septemba 2018. Kwa kipindi chote cha kusubiri, mkataba ulisema serikali ilipe fidia ya umeme ambao ungezalishwa. Upepo unavuma, mapanga yapo, umeme hauendi popote, na deni linakua. Kosa halikuwa kwenye upepo, lilikuwa kwenye kifungu kilichombebesha mlipa kodi hatari ya waya kuchelewa.

Na vijana wa Kenya walipofungua macho mwaka 2024, moja ya vitu walivyokataa ni mkataba wa kampuni ya Adani na shirika la njia za umeme KETRACO, dola milioni 736 kwa miaka 30. Chama cha Mawakili cha Kenya kilikwenda mahakamani kikilalamikia usiri na kukosekana kwa ushirikishwaji. Oktoba Mahakama Kuu ikausimamisha. Novemba, baada ya mashtaka dhidi ya mwenye kampuni kufunguliwa Marekani, Rais Ruto akaufuta mbele ya Bunge. Wanasheria wa Kenya walikuwa na kitu cha kushika: katiba inayotaja haki ya taarifa na ushiriki wa wananchi kwa maneno yasiyo na kona.

Lakini kesi ninayoipenda kuliko zote ni ya Uganda, na ni ya zamani, 2002. Shirika la Greenwatch lilitaka kuona mkataba wa kununua umeme wa bwawa la Bujagali, ambalo wakati huo lilikuwa mikononi mwa kampuni ya Marekani ya AES. Serikali ikasema ni siri ya biashara. Mahakama Kuu ikasema hapana, hii ni hati ya umma. Greenwatch lenyewe lilinyimwa nakala kwa sababu halikuthibitisha uraia wake, mambo ya kisheria hayo, lakini mlango ulikuwa umeshafunguka. Mkataba ukapatikana, wachambuzi kutoka India wakaupitia, wakasema Uganda ingelipa zaidi ya inavyostahili kwa mamilioni ya dola kila mwaka. Mwaka 2003 AES wakajiondoa. Bujagali ikaja kujengwa na wengine, na ikakamilika 2012. Kampala haikuhama. Wawekezaji hawakuogopa. Mahakama ilisoma katiba, basi.

"Mwekezaji atakimbia"

Hili ndilo jibu tunalopewa kila siku. Eti ukiweka mkataba hadharani, mwekezaji atakwenda kwingine. Hebu tulipime.

Mwekezaji anaionyesha mkataba benki yake. Anaionyesha kampuni ya bima. Anawaonyesha mawakili wake London, wahandisi washauri, na mtu anayetaka kununua hisa zake. Wote hao wameusoma. Anayefichwa ni mmoja tu, yule anayelipa. Siri ya namna hiyo inamlinda nani?

Pili, tayari tunafanya. Kwa wazalishaji wadogo, wale wa hadi megawati 10, Tanzania ina mkataba wa mfano ulioandaliwa na EWURA. Unaujua kabla hujaanza kuomba. Wenye mabwawa madogo kule nyanda za juu kusini wameutumia na hawakukimbia. Sasa kwa nini mwenye kamradi ka megawati nne mkataba wake uwe wazi, na mwenye megawati 100 ajifiche? Kubwa ndilo linaloweza kutuua.

Tatu, uwazi hushusha bei. Zambia mwaka 2016 walitangaza zabuni ya umeme wa jua, ushindani ukawa wazi, na mshindi akatoa senti 6.02 za dola kwa uniti. Katika kipindi hicho hicho Kenya ilikuwa na bei elekezi ya senti 12 kwa umeme wa jua, bila mnada. Jua la Zambia na la Kenya ni lile lile. Ndiyo, Zambia walisaidiwa na dhamana na mikopo nafuu, lakini pengo la nusu kwa nusu huwezi kulieleza kwa hilo peke yake. Kenya wenyewe walielewa, na mwaka 2021 wakatoa sera ya kuhamia minada.

Na kuna faida ya nne ambayo mwekezaji mwerevu anaijua. Mkataba wa siri hauna marafiki. Serikali ikibadilika, au waziri tu akibadilika, ndio wa kwanza kufukuliwa. Mkataba uliojadiliwa mchana, watu wakaukubali, ni mgumu kuuvunja. Mwenye nia ya kukaa miaka 25 anapaswa kuutaka uwazi kuliko hata sisi.

Tulipata mfano mdogo Machi 2025, Rais alipotangaza kwamba mikoa ya kaskazini itanunua umeme kutoka Ethiopia kupitia Kenya, kwa sababu umeme unaosafiri kutoka kusini mpaka kule unapotea njiani na hasara ni shilingi bilioni 32 kwa mwaka. Mitandao ikawaka moto: tuna bwawa, tunanunua nje? Kihandisi hoja ile ina mashiko, kununua karibu kunaweza kuwa nafuu kuliko kusafirisha mbali. Lakini watu walitaka kujua uniti inaingia kwa bei gani, kwa miaka mingapi, kwa sarafu gani. Majibu hayo yangewekwa mezani siku ile ile, nusu ya ugomvi ingekwisha kabla ya chakula cha jioni.

Sheria zipo, zinachohitaji ni meno

Ibara ya 18(d) ya Katiba yetu inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu masuala muhimu kwa jamii. Ibara ya 27 inatupa wajibu wa kulinda mali ya umma. Utalindaje usichokijua? Tuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, inayomruhusu raia kuomba taarifa kwa taasisi ya umma na kujibiwa ndani ya siku 30, ingawa imeacha mwanya wa kunyima kwa kisingizio cha maslahi ya kibiashara. Tuna sheria ya uwazi katika uziduaji ya 2015, inayotaka mikataba ya madini na gesi iwekwe wazi. Mikataba ya umeme haimo.

Mwaka 2017 Bunge lilipitisha kwa mbwembwe sheria ya mamlaka ya nchi juu ya maliasili, na nyingine ya kupitia masharti hasi kwenye mikataba. Maliasili zinazotajwa ni pamoja na maji, mito, maziwa na hata anga. Basi na upepo wa Singida na jua la Shinyanga navyo viingie humo bila ubishi. Haiwezekani dhahabu iwe mali ya taifa mpaka Bunge liukague mkataba wake, halafu jua linalomwakia kila Mtanzania liuzwe kwa siri.

Na tuwe macho na upande wa pili. Mwaka 2023 Sheria ya Ubia kati ya Sekta ya Umma na Sekta Binafsi ilirekebishwa, na moja ya mabadiliko ni kufungua tena mlango wa usuluhishi wa kimataifa kwenye migogoro ya ubia. Naelewa wawekezaji wanaudai. Lakini kama tumekubali kushtakiwa nje, basi kinga pekee tuliyobaki nayo ni kusaini kitu kizuri tangu mwanzo. Wakili bora wa taifa ni yule anayesoma kabla ya sahihi. Anayekuja baada ya tuzo ni mkadiriaji wa hasara.

Kituo cha ubia leo kinaongozwa na David Kafulila. Ndiye yule mbunge kijana aliyesimama bungeni mwaka 2014, akiwa upinzani, akapaza sauti juu ya Escrow mpaka nchi ikaamka. Kaka Kafulila, shikamoo. Tunakumbuka ulichokidai ukiwa upande huu. Hatukuombi zaidi ya hicho.

Tunadai mambo matano

1. Rasimu ya mkataba wowote mkubwa wa kununua umeme iwekwe hadharani angalau siku 60 kabla ya kusainiwa: bei ya uniti, miaka, sarafu, malipo ya uwezo, na nani anabeba hatari ya waya kuchelewa.

2. Zabuni ya wazi iwe lazima. Neno "dharura" lisitoshe kuiruka bila idhini ya Bunge.

3. Wamiliki halisi wa kampuni wajulikane. BRELA inakusanya taarifa hizo tangu marekebisho ya sheria ya 2020. Kwa kampuni zinazoiuzia serikali umeme, orodha iwe wazi kwa kila raia.

4. Dhamana zote za serikali kwenye miradi ya umeme zitajwe kila mwaka kwenye bajeti, moja moja, kwa kiasi chake.

5. Mikopo ya miradi ya serikali yenyewe, kama ule wa Ufaransa kwa mradi wa jua wa Kishapu, iwe chini ya kanuni hiyo hiyo. Deni ni deni hata likiwa nafuu.

Haya hayasubiri uchaguzi wala serikali mpya. Sheria ya 2016 inampa haki raia mmoja mmoja, na Uganda ilituonyesha kwamba ombi la watu wachache linaweza kumulika bwawa zima. Kwa hiyo napendekeza kila tawi la vijana lichague mradi mmoja wa umeme ulio karibu nalo. Andikeni barua kwa taasisi husika, majina yenu kamili na namba za vitambulisho vya taifa, mkiomba nakala ya mkataba. Pelekeni kwa mkono, gongesheni muhuri wa kupokelewa, bakini na nakala. Hesabuni siku 30. Mkijibiwa, tusome pamoja. Wanasheria wanafunzi tupo, tutafafanua kifungu kwa kifungu kwa Kiswahili cha kueleweka. Mkinyimwa, hakikisheni kunyimwa huko kumeandikwa na sababu imetajwa, kwa sababu hiyo karatasi ndiyo tutakayoanza nayo mahakamani.